Jino la Neema liko juu ya bati

Leo nimemdanganya mwanangu, na sijui nitaanzia wapi kumwambia ukweli.

Neema ana miaka minane. Asubuhi kang'olewa gego hospitali. Lilimuuma miezi, mimi nikijua ni la utoto, litang'oka lenyewe.

Daktari akanivuta pembeni.

"Mama, gego hili huota mtoto akifika miaka sita. Ni la ukubwani. Hakuna lingine linalokuja."

Halafu akaniuliza mtoto anakunywa chai na nini.

Jamani, mimi alfajiri nawahi shamba kule Kitanga! Zamani nilikuwa nachemsha viazi. Siku hizi namwachia biskuti na juisi ya pakiti, basi, kazi imeisha.

Tumefika nyumbani, Neema kalirusha jino juu ya bati, kama tulivyofanya sisi utotoni. "Chukua bovu, nipe jipya!"

Nikampigia makofi. Mimi!

Nyie kina mama wenzangu, mlijua gego hili haliji jingine, mkaninyamazia?

Sasa hivi kakaa nje, anaangalia bati. Mdogo wake wa miaka sita kaja kukaa naye. Nimemmulika mdomoni kwa tochi ya simu.

Gego limeshaota.

Katikati lina doa jeusi.