Furukombe Niliyemwandika Kasaji

Niliondoka Kolwezi kwa sababu moja. Kituo chetu cha utafiti wa ndege kilitafuta mwalimu wa kuwatembeza wanafunzi wa Kasaji porini, wakiwemo wasioona. Katekista wa huko alimpendekeza Mama Odile. Mkuu wangu aliposikia kwamba mama mwenyewe haoni tangu utotoni, akanituma nikampime. Kusema kweli, nilikwisha kumkatalia moyoni kabla sijafunga mkoba.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikipiki. Tulipishana na malori, na kila lori lilituachia vumbi la kutosha kupanda mihogo. Mbele zaidi barabara ilibaki na baiskeli za makaa tu. Nilifika jioni, mwekundu kuanzia nywele hadi soksi. Watoto walinicheka, nami sikuwalaumu.

Mama Odile alinipokea kwa bukari, ugali wa kwao, na samaki wadogo.

"Karibu, Tata Docta. Kula kwanza. Ndege batakuwa pale kesho."

Kulipokucha alitangulia na fimbo yake, mimi nyuma na darubini shingoni. Tulipofika kwenye kichaka kizito, mlio ukapasua hewa. Nikajivuna.

"Furukombe!" nikasema, nikamwandika tai huyo mla samaki daftarini, kwa wino.

Mama Odile akasimama, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Tata, furukombe anatafuta nini huku kwenye mayi haiko?"

"Lakini sauti ni yake, mama."

"Sauti ni yake, kinywa haiko yake. Ngoja kidogo."

Tulingoja. Mlio wa furukombe ukafuatwa mbiombio na wa ndege mwingine, kisha wa mwingine tena, na mwisho akajitokeza kurumbiza, kindege cha kuenea kiganjani, bingwa wa kuiga wenzake. Miaka yote ile ya chuo kikuu! Niliona haya, halafu nikacheka hadi nikakaa chini.

"Hata mi alinidanganya zamani," akanifariji. "Anaharakisha sana, sawa mwizi."

Kisha akaacha kucheka. "Sasa hii kazi, utanipatia? Batu banasema kipofu atafundisha nini. Mi nataka banyamaze."

Nilimjibu kwamba mkuu ndiye mwamuzi. Lilikuwa jibu la mwoga, na lilinikera njia nzima ya kurudi. Hata hivyo nilipanga kumsifu mama na kunyamaza kuhusu yule furukombe wangu.

Kolwezi, mkuu alisikiliza sifa zangu, akatikisa kichwa.

"Docta, kipofu atafundisha ndege namna gani?"

Akashika kalamu akate jina. Hapo nikaona heri niaibike mimi. Nikamfungulia daftari mbele yake.

"Soma hapa, shefu. Furukombe huyu nimemwandika mimi, mwenye macho mawili na darubini."

Nikamweleza yote. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akaandika jina la Mama Odile kwenye nafasi ya mwalimu. Chini yake, kwenye orodha ya wanafunzi, akaandika langu. Sikupinga.