Ukili wa Mama Ruth

Siku niliyoanza kazi ya uinjilisti, ofisini kwa mchungaji kiongozi wa usharika wa Mkuza tulikuwa hawa: mchungaji mwenyewe, Mzee Elisante aliyekuwa katibu wa baraza la wazee, Mama Ruth aliyekuwa mwinjilisti, wadogo zangu Grace na Daudi, niliokuja nao kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaachia, na mimi, Yusta, niliyeacha shule baada ya wazazi wetu kufariki.

Mchungaji aliwatazama wale watoto kwanza. "Mama Ruth, binti huyu ana mzigo tayari. Umwongezee na kanisa?"

"Kulea ameshaanza, mchungaji. Nitamfundisha kuachia."

Sikumwelewa. Nyumbani mimi ndiye niliyepika, niliyefua, niliyemsemea kila mtu. Kuachia nilikuhesabu kuwa uvivu.

Wakati ule mwinjilisti hakufundishwa darasani tu. Kila anayeanza alipewa mlezi, mtu mzima katika kazi, wa kutembea naye mtaani, yaani katika kundi dogo la waumini lililo chini ya usharika. Kwanza unamtazama akifanya. Kisha mnafanya pamoja. Kisha unafanya wewe, yeye ametulia. Mwisho unafanya yeye akiwa hayupo. Hatua ngumu ni ya tatu, na ugumu wake uko kwa mlezi. Mama Ruth, mtu wa bara, alijifunza kusuka ukili wa mikeka kwa majirani zake wa Kisarawe, akawa anaubeba kila tuendako. Alisema mikono ikiwa na kazi, mdomo hutulia.

Zamu yangu ya kuongoza ilianzia msibani, Kurui. Marehemu alikuwa muumini wetu, lakini wajomba zake Waislamu. Nilisimama, nikafungua Biblia, nikaanza kusoma. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Sikuwa nimemwomba ruhusa msemaji wa familia, Mzee Shabani, na watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Nikamgeukia Mama Ruth. Alikuwa anasuka.

Nilifunga kitabu, nikaenda kupiga magoti mbele ya mzee. "Shikamoo, babu. Nimeingia bila hodi."

"Marahaba. Sasa umebisha. Tuombee, mjukuu wangu, ila ufupishe, chai inapoa."

Watu wakacheka, nami nikaomba kwa ufupi kweli. Njiani nilimuuliza Mama Ruth, kwa hasira, kwa nini hakuniokoa.

"Ningesimama mimi, wangenijibu mimi. Sasa Kurui wanakujua wewe."

Nilikaa Kurui mpaka Daudi alipomaliza shule, nikahamishiwa Marui, kisha nikarudishwa Mkuza chini ya mchungaji mwingine, mtu wa vikao. Mama Ruth alipostaafu na kurudi kwao nilimpelekea kitenge cha shukrani. Alikipokea, akajifunga papo hapo.

"Kizuri. Lakini hujanilipa, Yusta. Lea mtu, naye alee mtu. Hapo tutakuwa sawa."

Nilimlea Anna. Nilipostaafu alikuwa ameshika mtaa wa Marui, na kila mtu alimsifu. Majuzi nilikwenda kusali kwake. Alipiga kengele, akaanzisha nyimbo, akasoma, akahubiri, akafundisha watoto wa kipaimara. Joyce, binti ambaye Anna alipewa amlee, alibeba mkoba wake tu. Nilijiona mimi mwenyewe na wadogo zangu.

"Anna, Joyce ataongoza lini?"

"Mama, akikosea je?"

"Atakosea."

"Una roho ngumu, mama."

Nilimwambia nitarudi Jumapili iliyofuata, na Joyce ataongoza, nami sitaondoka Marui mpaka aongoze. Nilirudi. Nilikaa benchi moja na Anna. Joyce alitangaza wimbo, akauanzisha juu mno, waimbaji wakakatika mmoja mmoja hadi akabaki peke yake. Anna alishaanza kuinuka. Nilimwekea mapajani ukili niliokuwa nasuka, kazi niliyojifunza kwa Mama Ruth.

Alikaa. Hajui kusuka, aliushika tu, vidole vimekaza. Mbele, Joyce aliukatisha wimbo, akauanza upya, chini. Kanisa likamfuata.

Hiyo ni hatua ya tatu, tena mara moja tu. Joyce bado hajasimama siku ambayo Anna hayupo, na mpaka asimame, Mama Ruth ananidai. Ukili nimemwachia Anna. Jumapili ijayo nakwenda kumfundisha kuusuka.