Vidonge Kwenye Mkebe wa Hamira

Mwaka ule nilimaliza form four nikakosa pa kwenda, nilikuwa na kazi mbili: kumpeleka mathe, yaani mamangu, kliniki, na kushuku watu. Hiyo ya pili hakuna mtu alinituma.

Mathe ana kansa ya damu. Sio ile inalaza mtu kitandani mara moja. Hii inatambaa polepole, na iko na vidonge vyake, vya rangi ya machungwa, kimoja kila siku, maisha yake yote. Ukimwona akitoka hapa Gatwekera asubuhi akienda Lavington kufulia watu nguo, huwezi jua.

Daktari wake alikuwa msichana mdogo, na mimi nilimsumbua na maswali mpaka siku moja akachukua biro akanichorea.

"Hizi ni seli nyeupe," akasema. "Askari wa mwili. Ndani yake kuna protini zinaitwa tairosini kinezi. Kazi yao ni kupitisha habari. Adui akigusa seli kwa nje, kinezi inachukua kitu kidogo inaitwa fosfeti, inabandika kwa protini ingine. Hiyo inaamka, inaamsha ingine, mpaka habari ifike ndani kabisa: amkeni, ongezekeni. Adui akiisha, zinanyamaza."

"Na za mathe?"

"Yake moja imeharibika. Hainyamazi. Hakuna adui amegusa mlango lakini yenyewe inaendelea kuita, na seli zinazaana tu bila kazi."

"Kama mtu amesimama kwa kona anapiga nduru, mwizi! mwizi! Watu wanajaa barabarani na hakuna mwizi."

Akacheka. "Eeh, hivyo. Sasa hiki kidonge ni mkono kwa mdomo wake. Kinakaa pale fosfeti inatoka, anakosa kitu ya kubandika. Lakini ukitoa mkono, anaanza tena."

Halafu akamgeukia mathe akamwambia kitu moja, na akairudia: asimeze hiyo dawa tumbo ikiwa tupu. Ameze na chakula ya kushiba na glasi kubwa ya maji. Mwezi wa kwanza mathe alikuwa anaitapika, ndio maana. Nilimwekea hiyo maneno kwa Kikamba ndio izame vizuri. Nikamwambia, bila chakula usiiguse kabisa. Akaitikia na kichwa.

Kwa muda ilikaa sawa. Kisha siku moja daktari akaangalia majibu ya damu, akaangalia tena.

"Imepanda," akasema. "Mama, unameza kila siku?"

"Kila siku, daktari."

"Hakuna siku unaruka?"

"Hapana."

Daktari akasema kama ni hivyo, basi labda ugonjwa umezoea dawa. Atapima mara ingine moja. Ikipanda tena, tutabadilisha twende kwa ingine ya nguvu, ambayo ni ngumu kupata na inasumbua mwili zaidi. Na hiyo ikishindwa... hakumalizia. Mathe alikuwa anakunja leso yake tu kwa magoti.

Mimi nilitoka huko nimeshika moto. Mathe ni mtu wa kanisa, hawezi kudanganya daktari. Basi kuna mtu anatuchezea.

Kwanza nilishuku dawa yenyewe. Nikaweka kidonge kwa taa ya simu, nikakilinganisha na picha za kwa mtandao. Kilikuwa sawa. Nikashuku jirani wa ukuta wa mabati, sababu alikuwa anauliza sana mathe anaenda hosi kufanya nini. Kwa ploti yetu mkebe wa dawa ukilia kachaka kachaka, kufika jioni umeshapewa ugonjwa na majina ya wenye walikuambukiza. Kwa hivyo mathe alikuwa anajaza pamba ndani ya mkebe usilie. Nikaanza kuchunguza hiyo pamba. Kama mtu ameifungua ningejua. Hakuna mtu alikuwa ameifungua isipokuwa mathe, na vidonge vilikuwa vinapungua venye vinafaa. Hata wakati wa kurudisha mkebe kliniki tupewe mwingine, ulikuwa mtupu.

Ndio nikagundua kitu. Mathe hakuwa anameza nyumbani. Asubuhi alikuwa anafunga kidonge kwa pembe ya leso, anaenda nacho.

"Hicho unapeleka wapi?"

"Nameza saa ya lunch, nikipewa chakula huko kwa kazi. Si mlisema na chakula? Wacha kunichunga kama polisi."

Nikaacha, lakini sikuridhika.

Jumamosi moja akanituma Kawangware, stage ya 46, nikamsaidie dada yake kukaanga mandazi, kuna mtu alikuwa na sherehe. Huyo anti ana kibanda, na ni mtu wa mdomo. Nilikuwa sijakaa hata.

"Ooh, daktari amefika! Sasa wewe, nawa mikono, ile unga haijui form four."

Nikanawa. Akaniambia nimletee hamira kwa rafu ya juu. Kulikuwa na mikebe miwili inafanana. Nikafungua wa kwanza. Ndani kulikuwa na pamba. Nikavuta pamba. Rangi ya machungwa, karibu nusu ya mkebe.

Nikauinua mkebe.

"Anti, hii ni nini?"

Akageuka, mikono imejaa unga. Uso ulibadilika kidogo, na mimi hiyo kidogo ilinitosha.

"Rudisha hapo."

"Unauzia nani?"

"Nauza nini?"

"Dawa ya mathe! Daktari anasema damu imepanda, anasema itabidi abadilishiwe, kumbe wewe ndio unakalia dawa yake hapa na hamira!"

Wateja wawili kwa dirisha wakaacha kutafuna. Mmoja akasema polepole, "Ati dawa?"

Anti akachukua mwiko akaunyooshea kwangu. "Wewe! Umeanza kunipigia nduru ya mwizi kwa kibanda yangu, mbele ya wateja? Mama yako alinieleza hiyo ugonjwa yake inavyopiga kelele bure. Naona wewe ndio uko nayo, tena ya kichwa."

"Nijibu basi."

"Sikujibu. Niliambiwa niweke, nimeweka. Mwenyewe anapitia hapa akitoka kazi. Utamuuliza. Na hizo mandazi geuza, zinaungua."

Nikageuza mandazi. Sijui ni ujinga gani, lakini nilikaanga karai nzima nikimwangalia mtu nilikuwa naamini anamuua mamangu, na yeye akiniangalia nisile. Mkebe niliuweka kati ya miguu yangu.

Mathe akafika. Aliona mkebe kabla ya kuniona. Hakusema habari zenu. Alikaa kwa jerikeni akavua viatu.

"Ni zangu," akasema. "Hajaiba mtu."

"Si ulimwambia daktari unameza kila siku?"

"Nameza kila siku ya kula."

Hapo bado sikushika. Anti ndio alimalizia, kwa sauti ya chini sasa: "Jumatano na Ijumaa hatuli."

Nilijua wanaenda maombi Riruta hizo siku, mathe akitoka Lavington anapitia kwa anti wanaenda pamoja. Nilijua wanafunga. Nilidhani wanafunga mpaka jioni kama watu wengine. Kumbe ni mpaka asubuhi ya pili. Na mathe, kila nikimuuliza kama amekula, alikuwa anasema nimeshiba.

"Daktari alisema bila chakula nisiiguse," mathe akasema. "Wewe mwenyewe uliniambia kwa Kikamba, tena ukikunja uso. Mimi nimeshika hiyo neno. Siku ya kufunga siigusi. Kuitupa siwezi, hiyo ni dawa ya watu, tunapewa bure. Nyumbani nikiweka utaipata, unafukua kila kitu. Nikamwambia dada anitunzie, siku moja zikikosekana huko kliniki nitakuwa na akiba."

"Mathe, sio akiba! Ukiruka siku mbili kila wiki, ule mtu wa nduru anaamka. Daktari anafikiria dawa imeshindwa, na haijashindwa. Wacha kufunga basi."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Akaokota kiatu kimoja, akakikung'uta vumbi. Anti akapangusa mikono kwa aproni. "Mwambie ama nimwambie."

"Nafunga juu yako," mathe akasema. "Upate kazi. Upate kitu. Niliahidi nitafunga mpaka upate, na nikiacha katikati nitaambia Mungu nini?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, yote makali. Nikajaribu kama matatu hivi, hakuna iliingia. Ya kwamba sitaki kazi inunuliwe na damu yake. Ya kwamba Mungu anajua kansa. Alikuwa ananisikiliza tu venye mtu husikiliza mvua kwa mabati.

Mwishowe nikasema, "Hiyo kazi si ni yangu? Basi nitafunga mimi. Jumatano na Ijumaa. Wewe utakula na umeze."

Akaangalia dada yake. Anti akainua mabega. "Ni damu moja. Mungu atahesabu."

"Utaweza?" mathe akaniuliza. "Wewe huwezi hata kungoja chai ipoe."

Kliniki tulirudi na ule mkebe wa hamira. Mathe mwenyewe ndio aliuweka kwa meza ya daktari. Daktari alifunika uso na mikono, kisha akasema hatabadilisha dawa bado. Kipimo iliyofuata ilishuka. Haikushuka sana, lakini ilishuka, na tuko kwa dawa ile ile.

Kazi bado sijapata. Ijumaa iliyopita mathe alirudi mapema, akapika ugali na omena nyumba ikajaa harufu. Alikula polepole mbele yangu, akameza kidonge, akanywa glasi nzima ya maji.

"Fungua mdomo," nikasema.

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Inua ulimi."

Akainua. Nikamulika na simu, hakukuwa na kitu. Nikaangalia pembe zote za leso pia.

Akanyakua simu kutoka kwa mkono wangu. "Na wewe? Anti anasema ulipita huko mchana, na mandazi moja haionekani."

"Mathe, mimi?"

"Fungua."

Nikafungua.

"Panua zaidi," akasema, akanimulika hadi kooni.