Mume na Mke Kando ya Blanketi

Katika miaka yote niliyoongoza michezo ya nyimbo, hakuna mchezo ulionifurahisha kama ule wa kwanza, kule Karurumo. Nilikuwa kijana mwenye haya, na maagizo mengi niliyaandika kwenye karatasi ili nisilazimike kusema.

Zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya onyesho, mwimbaji wangu aliyeigiza mume alikuja ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, Jumamosi iliyopita tulipeleka posa. Yule anayeigiza mke wangu sasa ni mama mkwe. Siwezi kumkumbatia."

Mama mwenyewe akadakia kutoka mlangoni, "Akinigusa tu, naenda kuchuma kahawa yangu!"

Kwetu mwanamume hasimami hata karibu na mama mkwe, na waimbaji wengine sikuwa nao. Nikatundika blanketi katikati ya jukwaa, kila mmoja aimbe upande wake.

Jumapili ukumbi ulijaa watu waliojua habari yote. Mama akaimba, "Mume wangu, uko wapi?" Mkwewe alipaswa kujibu, "Niko hapa, mpenzi." Heshima ikamzidi.

"Niko hapa, mama!"

Watu walicheka hadi wakasimama, na mama mkwe akacheka kuliko wote. Tuliombwa kuurudia wimbo huo mara tatu.