Baraza Isiyokaliwa

Mwenye jengo aliniita nimchoree uwanja wa mbele kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, ghorofa zake nne zilionekana kama zimeangushwa na ndege. Alitaka jengo liungane na mtaa. Mtaa wenyewe ni Shella ya Malindi, nilikozaliwa, kwa hiyo sikuhangaika sana. Nilichora njia ipite pale pale watu walipozoea kukatiza, miarubaini miwili iliyokuwapo nikaiacha, na chini yake nikaweka baraza ndefu ya mawe ya matumbawe.

Aliitazama ramani akaipenda. Kisha akaweka kidole juu ya baraza.

"Lakini hapa watu watakaa."

"Ndiyo kazi yake, bosi."

"Baraza naitaka. Watu ndio siwataki."

Nilibishana naye mpaka nikachoka. Baraza ikajengwa, na chokaa ilipokauka akasimamisha kibao: HAPAKALIWI. Akaajiri na askari mwenye kipenga. Mtu akiinua mguu afunge kamba ya kiatu, kipenga. Mama mjamzito akishika ukingo avute pumzi, kipenga. Wageni kutoka Nairobi walikuja kupiga picha, wakausifu uwanja kwa jinsi unavyokaribisha watu. Mimi nilikuwa nikizunguka njia ya mbali nisiulizwe na majirani.

Siku ya ufunguzi, mama mzazi wa mwenye jengo alitangulia kufika. Ni bibi wa Lamu, mwenye buibui na sauti ya taratibu. Aliona kivuli, akaona baraza, akaketi, akatoa tambuu yake ya kutafuna. Kipenga kikalia.

"Shikamoo, bibi," askari akasema. "Uniwie radhi, hapa hapakaliwi."

"Marahaba, mwanangu. Pana nini? Pamezindikwa kwa uganga?"

"La, bibi. Ni amri ya mwenyewe."

"Basi kamwite huyo mwenyewe. Mwambie aliyemzaa amechoka kusimama."

Mwenye jengo alikuja mbio, tai imemwendea upande, wageni wote wakitazama. Mama hakupaza sauti. Alimwuliza tu ni nyumba gani alimolelewa yeye iliyokuwa na baraza ya kutazamwa tu. Mwana akaking'oa kibao kwa mikono yake. Nilijificha nyuma ya mwarubaini nicheke vizuri.

Kesho yake kikasimama kibao kipya: WANAORUHUSIWA KUKAA NI MAMA MZAZI NA WAGENI WAKE. Mwenye jengo alidhani amemaliza mambo.

Bibi alisomewa kibao hicho akafurahi mno. Tangu hapo, kila akishaswali alasiri huja akaketi, na kila apitaye humwita: "Karibu, mwanangu, wewe mgeni wangu." Vijana wa bodaboda ni wageni wake. Kina mama watokao sokoni na vikapu ni wageni wake. Muuza kahawa amehamishia dele lake pale. Hata askari amekaribishwa, naye hukaa mwisho kabisa, kipenga mfukoni.

Mwenye jengo siku hizi huingilia mlango wa nyuma. Mimi sasa napita mbele bila haya, na jana bibi alinisogezea nafasi, akanipa kikombe cha kahawa, akaniuliza kwa ukali kidogo ni kitu gani kilichonizuia kuijenga baraza ikafika mpaka barabarani.