Kigia Chini ya Kanga ya Mama Mkwe

Jamani, hili nalisimulia huku nimefunika uso, na mkitaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana mpaka leo sielewi vizuri nilikosea wapi, kwenye gari au kwenye adabu.

Ilikuwa miaka ile magari ya mtumba yameanza kumiminika Mwanza, na bosi wangu, mfanyabiashara wa samaki, akanunua jipu moja refu kutoka Ujapani, lina foo-wili, yaani matairi yote manne huvuta, tena lina kibandiko chenye maandishi ambayo mji mzima hakuna wa kuyasoma. Akaniazima Jumapili moja nikamchukue mke wangu, aliyekuwa amekwenda kujifungulia kwao, ndani ndani huko kupita Kisesa. Akinipa funguo akasema, "Ukikwama weka foo-wili ndogo, lakini usizidi thelathini, na ukishika lami itoe." Nikaitikia ndiyo bosi, ndiyo bosi (kichwani nawaza nivae shati gani).

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Mama mkwe alishatangaza kwamba atakuja nao mpaka kwangu Mkolani aone mwanawe na mjukuu wanaishi na mtu wa namna gani, na asiporidhika anarudi nao. Wiki nzima sikulala vizuri.

Basi karibu na kwao nikakwama kweli kwenye tope la mbuga, nikavuta kile kigia kidogo cha foo-wili kilicho pembeni ya gia kubwa, gari likachomoka linaunguruma, nikaingia uani kama mheshimiwa. Balaa likaanza kwenye kupakia. Mama mkwe akikaa nyuma hutapika, kwa hiyo akawekwa mbele. Sasa mnajua kwetu Wasukuma, mkwe humwangalii usoni, humgusi, hata njiani unampisha, na huyu hapa kakaa pembeni yangu, kapu la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, miguuni, kanga imetandazwa magotini, na kile kigia kimepotelea huko huko chini ya kanga, kando ya goti lake!

Tukashika lami pale Kisesa. Nikakumbuka: itoe. Nikasimama, nikanyoosha mkono taratibu, vidole vikagusa pindo la kanga, mama akajibana mlangoni, "Mayoo!" Nikaurudisha mkono haraka nikajifanya najikuna. Nimwambie mke wangu "mwambie mama asogeze goti"? Goti la mkwe unalitajaje, ndugu zangu? Nikaondoka hivyo hivyo.

Hapo ile thelathini ikaanza kunichanganya. Thelathini ya spidi au ya upepo wa matairi? Na kama ni spidi, ni kwenye tope tu au popote? Gari linalia, usukani mzito, kila kona linagoma kukata, linarukaruka, nami nikaona labda linalia kwa sababu nalibembeleza mno, nikakanyaga mafuta. Mshale ukapita arobaini, ukagusa hamsini, injini ikapiga kelele kama mashine ya kusaga.

"Mwambie mwenzio gari linanuka," mama akasema, uso dirishani.

"Baba Mbula, mama anasema gari linanuka," mke wangu akasema kutoka nyuma, mtoto mapajani.

"Mwambie mama ni kawaida ya magari ya Kijapani," nikajibu, nami uso dirishani kwangu (barabara naitazama kwa kuibia).

Tulipofika Igoma, katikati ya watu, moshi ukatoka chini, mvuke ukatoka kwenye boneti, gari likazima. Watu wakajaa. Jamaa mmoja wa ovaroli akachungulia dirishani kwa mama. "Kaka, foo-wili ndogo kwenye lami, tena mbio namna hiyo? Umeunguza gia boksi! Kwa nini hukuitoa?" Akaingiza mkono kukifuata kigia.

"Usiguse!" nikapiga kelele mpaka mtoto akaamka analia.

Jamaa akanitazama, akamtazama mama, akaitazama kanga. "Kumbe ni mkwe wako?" Igoma nzima ikaangua kicheko, nikatamani ardhi inimeze na jipu lenyewe.

Mama akanigeukia, mara ya kwanza tangu nioe. "Baba," akasema, "si ungesema tu nisogee?"

Tulimalizia safari kwenye pikapu ya mkaa. Pale Mkolani mama akakagua chumba, jiko, choo, mimi nimesimama nje nimepakaa masizi, nasubiri kumpoteza mke na mtoto. Mwishowe mke wangu akatoka.

"Mama anasema, mtu aliyekubali gari la bosi wake liungue kuliko kumkosea mkwe heshima, hawezi kumnyanyasa mtoto wake. Tunabaki." Akaziba mdomo kwa kanga kuzuia kicheko. "Ila anasema kurudi kwake atapanda basi."

Bosi alichukua funguo zake, na sijazishika tena. Lakini nimeapa: foo-wili yoyote nikiiweka nitakwenda mwendo wa maiti, nitaitoa kabla lami haijaonekana, na kabla sijampakia mtu nitaangalia kwanza kile kigia kinalala kwenye goti la nani.