Sahihi ya Dirishani

Karani wa kanisa la Emali hakuwa akigusa daftari la watoto kabla ya kunawa mikono, wala hakukubali kumwandika mtoto mpaka baba atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Mutindi alikuwa akimcheka kwa hayo. Lakini mwaka huo baba yake alipewa ukaazi Uingereza, na Mutindi angeweza kumfuata iwapo angethibitisha, kabla ya kutimiza miaka kumi na minane, kwamba ni mtoto wake. Alizaliwa nyumbani; cheti hakuwa nacho. Karani alinawa, akajikausha kidole kimoja kimoja, kisha akafungua ukurasa wa mwaka wa sitini na moja. Sahihi ya baba ilikuwepo, imepinda na kuteremka hadi ukingoni.

"Mbona aliandika hivi, mzee?"

"Treni ya Mombasa ilikuwa imeanza kwenda. Yeye dirishani, mimi chini nakimbia na kitabu."

Alisema hivyo bila kuinua macho, akinakili polepole maneno ya daftari kwenye barua. Akapiga muhuri, akamnyooshea barua hiyo. Mutindi hakuipokea barua. Alienda kwanza kwenye beseni, akanawa mikono.